Kupunguza wanga uzeeni, Kampala ya kiangazi: njia tatu na jiko la kila njia

Mzee wa miaka 60 na kitu akitoka kliniki ya kisukari jijini Kampala, mara nyingi hutoka na agizo la maneno mawili: punguza wanga. Haelezwi apunguze mpaka wapi. Wala haelezwi kwamba kitakachoziba pengo la posho (ugali) kwenye sahani nacho kitapikwa, na moto wa kukipikia una moshi wake. Ulinganisho wa lishe unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp haulifikirii jambo hilo, maana mwingi umetungwa na watu wa nchi ambako jiko la mkaa ni kitu cha kutolewa bustanini siku ya jua. Hapa nimeziweka pamoja njia tatu ambazo watu wazima wa huku wanazijaribu, nikazipima kwa sukari, misuli, dawa, mfuko na moshi. Nisiwazungushe: kwa wengi naona ya pili, ya wanga kidogo, ndiyo inayofaa, na ya kwanza, keto kali, naiogopa kwa mtu aliyevuka miaka 70.

Hewa ya msimu

Kampala ina viangazi viwili, Desemba mpaka Februari na Juni mpaka Agosti. Mvua ndiyo inayoosha hewa ya jiji. Ikikatika, vumbi la barabara zisizo na lami, moshi wa bodaboda na magari makuukuu, taka zinazochomwa uani, viwanda na sigiri za kila ua hubaki vikielea. Jiji limekaa juu ya vilima, kwenye kimo cha kama mita 1,200, na usiku hewa ya baridi huteremka mabondeni ikalala huko pamoja na kila ilichobeba. Ndiyo maana asubuhi ukiwa kwenye vilima vya Naguru au Muyenga unaona utando wa kijivu umetanda chini, na ifikapo saa nane mchana umepungua. Jua limepasha ardhi, hewa imepanda, moshi umetawanyika. Jioni watu wakiwasha majiko na barabara zikijaa, unarudi.

Kinachoumiza zaidi ni chembechembe laini ziitwazo PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, wakati unywele wa mtu una kama 70. Zinapita puani, zinafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine ndogo zaidi zinaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha viwango vyake: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, na wa siku moja usizidi 15. Kampala huvivuka viwango hivyo mara kadhaa. Huhitaji kukisia hali ya mtaa wako. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanzishwa 2015 na kuongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha, umetundika vipima hewa sehemu nyingi za jiji, vingine vikapandishwa kwenye bodaboda, na programu yake ya simu inaonyesha vipimo vinavyosomwa.

Mtu mwenye kisukari ana sababu ya ziada ya kujali. Chembechembe hizo huamsha uvimbe wa ndani kwa ndani mwilini, huongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, na zimehusishwa pia na kisukari cha ukubwani chenyewe. Yaani sukari na moshi vinashambulia mishipa ileile ya damu. Lakini tusidanganyane hapa: hakuna chakula kinachosafisha mapafu. Wanaouza unga wa "kuosha kifua" kila Januari wanauza maneno. Jaribio la karibu zaidi na hilo ninalolijua lilifanyika Qidong, China, na matokeo yakachapishwa 2014: watu waliokunywa kinywaji cha machipukizi ya brokoli kwa wiki 12 walitoa benzini kwa mkojo kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Ni habari njema kwa jamii ya kabichi na sukuma wiki, lakini benzini ni kemikali moja tu ya hewa chafu, na chembechembe ni suala jingine.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni keto kali. Wanga hauzidi gramu 50 kwa siku, mafuta ndiyo yanayobeba nguvu ya mwili, posho na matooke (ndizi za kupika) vinatoka mezani kabisa, na maharagwe pia.

Ya pili ni wanga kidogo, kati ya gramu 50 na 130 kwa siku. Kipande kidogo cha matooke kinabaki, maharagwe na karanga vinabaki, kinachoondoka ni ule mlima wa posho, chapati, soda na sukari ya chai.

Ya tatu haihesabu gramu. Nusu ya sahani ni mboga za majani, robo ni samaki, nyama au maharagwe, robo ni wanga usiokobolewa. Kliniki nyingi hufundisha hii kwa sababu haihitaji mzani wala hesabu.

Ili gramu hizo ziwe na sura, haya ni makadirio ya sahani ya huku. Safu ya mwisho ndiyo ambayo huwezi kuikuta kwenye majedwali ya lishe.

| Chakula | Wanga (gramu) | Muda kwenye sigiri |
|---|---|---|
| Posho, gramu 250 | 60–70 | dakika 25–30 |
| Matooke yaliyofunikwa kwa majani, gramu 250 | 55–70 | saa 2 au zaidi |
| Mihogo ya kuchemsha, gramu 250 | 90 hivi | dakika 40 |
| Viazi vitamu, gramu 250 | 45–50 | dakika 45 |
| Chapati 1 | 40–45 | hununuliwa tayari |
| Maharagwe, kikombe 1 | 40, kati yake 12 hivi ni nyuzinyuzi | saa 2–3 |
| Mchuzi wa karanga (karanga gramu 50) | 8 | dakika 45 |
| Nyama ya ng'ombe ya mchuzi | 0 | saa 1½–2 |
| Sato wa kuchemsha | 0 | dakika 20–25 |
| Mayai 2 | 1 | dakika 10 |
| Nakati au dodo (mboga za majani), kikombe 1 | 4–7 | dakika 10 |
| Parachichi nusu | 8, sehemu kubwa nyuzinyuzi | hakuna |

Tazama posho na maharagwe. Posho ndiyo inayopandisha sukari, lakini inaiva kabla mkaa haujashika vizuri. Maharagwe, ambayo kila mshauri anayasifu, yanakula mkaa mpaka jirani anauliza mnapika nini. Mama akibadilisha posho kwa maharagwe na mapishi yakabaki ya sigiri ndani ya jiko lisilo na dirisha, sukari itashuka na kifua kitalipa. Hilo si jambo dogo: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa ndani ya nyumba unaotokana na kupikia ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Sukari: nani anashinda?

Kwa miezi ya mwanzo, keto. Hilo halina ubishi mkubwa. Sukari baada ya chakula hupungua ndani ya siku chache, uzito unaanza kushuka, mafuta ya aina ya trigliseridi hupungua kwenye damu. Ila uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2021 ulionyesha kwamba faida ya kupunguza wanga, iliyokuwa kubwa miezi sita ya kwanza, ilikuwa imepungua sana mwaka ulipotimia. Nadhani sababu anaijua yeyote aliyewahi kukaa kwenye harusi ya Kiganda akiwa na sahani ya nyama na majani peke yake. Mtu hawezi kuishi nje ya meza ya ukoo wake.

Njia ya pili inashuka taratibu zaidi lakini inadumu, kwa kuwa haimtengi mtu. Hesabu yake si ngumu. Chai mbili za maziwa zenye vijiko vitatu vitatu vya sukari tayari ni gramu 25 au zaidi za sukari tupu, na soda moja ya mililita 300 ni 32 hivi. Ukiviondoa hivyo viwili kabla hujagusa chakula chochote, umepunguza karibu gramu 60, sawa na sahani nzima ya posho. Ningeanzia hapo kwa mzee yeyote, hata yule ambaye hataki kusikia habari za lishe.

Njia ya tatu inategemea uaminifu wa mpakuaji. Udhaifu wake ni robo ile ya wanga: kwenye sahani kubwa za huku, robo hujengwa kwenda juu. Na kuna kujidanganya kwingine ambako nakuona kila siku, kwamba unga wa dona au mkate wa rangi ya kahawia hauna sukari. Dona ina nyuzinyuzi na madini zaidi ya unga mweupe, nayo ni bora, lakini gramu za wanga ni karibu zilezile. Kalo, yaani ugali wa ulezi, vivyo hivyo. Ukila nyingi, kipimo cha kidole hakitajali rangi yake.

Tena kuna suala la nini kinachukua nafasi ya wanga. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 kwenye Lancet Public Health, uliofuatilia watu zaidi ya 15,000 walioanza wakiwa na miaka 45 mpaka 64, ulikuta vifo vingi zaidi pande zote mbili, kwa waliokula wanga mwingi sana na waliokula mdogo sana. Waliojazia pengo kwa nyama walikuwa na hali mbaya kuliko waliojazia kwa vyakula vya mimea kama karanga na jamii ya kunde. Utafiti wa kufuatilia hauthibitishi kwamba hiki kilisababisha kile, lakini unaelekea upande uleule ambako mfuko wa mstaafu wa Kampala unamsukuma: binyebwa (karanga), maharagwe, njegere, simsim.

Jikoni

Keto ya Kampala kwa vitendo inakuwa muchomo, yaani nyama choma. Mtu anaambiwa nyama ni ruksa, anaacha chips anabaki na mishikaki ya barabarani na nyama ya nguruwe ya kukaanga kila Ijumaa. Mafuta yakidondokea makaa, yanawaka na kutoa moshi mzito wenye kemikali zinazojulikana kwa kusababisha saratani, sehemu unaivuta na sehemu inarudi kukaa juu ya nyama. Kukaanga kwa mafuta mengi nako hutoa chembechembe laini, hata juu ya gesi safi. Samaki wa kukaushwa kwa moshi yuko kundi hilohilo; mtamu, lakini asiwe wa kila siku. Keto inaweza kupikwa bila hayo, kwa mayai ya kuchemsha, samaki wa mvuke, parachichi na majani, na aliyeamua kuifuata afuate hiyo. Tatizo lake ni kwamba inachosha, na mfuko wa pensheni hautoshi samaki wa kila siku.

Njia ya pili ina tatizo la maharagwe, na tatizo hilo lina dawa. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha yapike kwenye sufuria ya presha: saa tatu zinakuwa dakika 30 au 40. Ya umeme ni bora zaidi. Hupika maharagwe kwa chini ya saa moja, mara nyingi kwa umeme usiofika uniti moja, na haitaki mtu wa kukaa karibu kupepea. Uganda ina bei nafuu ya umeme wa kupikia inayoanza mwezi ule nyumba ikivuka uniti 80, kwa hiyo usimkubalie haraka anayesema umeme ni wa matajiri. Mwambie akuletee hesabu ya magunia ya mkaa ya mwaka mzima, ambayo bei yake imezidi kupanda tangu agizo la rais la 2023 la kuzuia biashara ya mkaa kutoka kaskazini. Asiyeweza, apike maharagwe ya siku tatu kwa mkupuo mmoja, nje, mchana hewa ikiwa imepanda, si jioni ambapo kila ua unawasha.

Mkaa una hila moja inayoua wazee wakati wa baridi ya Juni. Ukishakolea hautoi moshi wa kuonekana, mtu anaona ni salama, anauingiza chumbani ulete joto. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Sigiri isilale ndani, hata kama mlango umeachwa wazi kidogo.

Njia ya tatu kwa jiko ndiyo nyepesi kuliko zote, na hapa inapata alama yangu. Posho robo, dodo la dakika kumi, mayai: chakula kizima kinaiva kwa nusu saa. Kwa nyumba ambayo haina gesi wala umeme wa kutegemewa, na mzee ana pumu au kikohozi sugu, njia hii wakati wa kiangazi inaweza kuwa salama kuliko ya pili yenye maharagwe ya sigiri kila siku. Mvua zikirudi Machi, ahamie ya pili.

Kuna hoja moja ya keto inayohusu pumzi, na ni ya kweli. Mwili ukichoma mafuta hutoa kaboni dioksidi kidogo kuliko ukichoma wanga. Kwa hiyo madaktari wamewahi kuwapa lishe yenye mafuta mengi wagonjwa wa mapafu ambao kaboni dioksidi imewajaa damuni. Lakini hao ni wagonjwa waliopimwa, wakiwa chini ya uangalizi. Ukiisikia hoja hiyo kutoka kwa anayeuza vidonge vya keto, muulize amepima damu ya nani.

Misuli, figo na dawa

Watu wazima wengi wanaopunguza wanga hupungua na misuli pia, na hilo ndilo linalowaangusha bafuni. Jopo la wataalamu wa lishe ya wazee lililotoa mapendekezo yake 2013 lilishauri walio juu ya miaka 65 wale protini gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee wa kilo 60 anahitaji 60 mpaka 72. Mayai mawili yanampa 12, sato wa wastani 30 au zaidi, kikombe cha maharagwe 15. Amekaribia bila kugusa nyama. Siku ambayo samaki ni ghali kuna mukene, dagaa wa ziwa wanaoitwa omena upande wa Kisumu. Konzi moja ya wakavu ina kama gramu 17 za protini, na kwa kuwa unawala na mifupa, kalsiamu pia. Waoshwe vizuri, wengine hukaushwa juu ya mchanga. Karanga zilizoota ukungu zitupwe, usizioshe ukazirudisha.

Keto inaweza kuwa na protini ya kutosha, lakini pia huua hamu ya kula, na kijana anayetaka kupungua hufurahi hapo. Bibi wa miaka 78 mwenye kilo 49 hana cha kupunguza. Mwenye ugonjwa wa figo naye asijiongezee protini kabla ya kupima kreatinini (kipimo cha damu cha figo) na kuongea na daktari, kwa kuwa kiwango chake huwa cha chini kuliko hicho.

Dawa ndizo zinazofanya nisimwachie mzee aanze keto peke yake. Anayechoma insulini, au anayemeza glibenklamaidi, gliklazidi au glimepiridi, akikata wanga ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari itaporomoka. Jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuanguka usiku. Dozi inapunguzwa siku ileile chakula kinapopunguzwa, na anayeipunguza ni daktari. Dapagliflozini na empagliflozini, nazo dawa za kisukari, zina hatari ya namna nyingine: zikikutana na keto, tindikali za ketoni zinaweza kujaa damuni huku kipimo cha sukari kikionyesha namba isiyotisha, ndugu wakadhani ni malaria. Metformini peke yake haina tabia ya kushusha sukari kupita kiasi. Vidonge vya presha navyo viangaliwe, maana wanga ukipungua mwili hutoa maji na chumvi, na kiangazi tayari mtu amekauka. Presha inaweza kushuka akisimama. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kula nakati vikombe vitatu kwa siku wakati zamani alikula kimoja kwa wiki. Vitamini K ya mboga za majani huipunguza nguvu dawa hiyo. Ale kiasi kisichobadilikabadilika, apimwe.

Ukizipanga njia tatu kwa hatari hii ya dawa, keto iko juu kabisa, wanga kidogo katikati, na sahani ya nusu mboga iko chini mno. Mzee anayeishi peke yake, bila mashine ya kupimia sukari, ningempa ya tatu bila kusita.

Kutembea saa ngapi

Kutembea dakika 10 mpaka 15 baada ya kula hushusha sukari ya mlo huo, na wanaofuata njia ya pili na ya tatu wanahitaji matembezi hayo zaidi kwa sababu bado wana wanga mezani. Mazoea ya wazee wetu ni kutembea alfajiri. Wakati wa kiangazi hiyo ndiyo saa mbaya kuliko karibu zote, pamoja na saa za jioni baada ya giza kuingia. Saa saba mpaka saa kumi mchana hewa huwa na nafuu, japo jua ni kali. Kofia, maji, na njia ya vichochoro badala ya kandokando ya barabara kuu. Kukinyesha, toka baada ya mvua.

Siku ambazo namba ni mbaya mchana kutwa, kaa ndani: kusimama na kuketi kwenye kiti mara kumi, kupumzika, kurudia. Mazoezi hayo yanajenga mapaja vizuri kuliko kutembea polepole. Usitegemee sana kufunga madirisha, kwa kuwa nyumba nyingi za huku zina matundu ya hewa juu ya dirisha ambayo hayafungiki. Barakoa ya kitambaa haizuii chembechembe hizi. Ya aina ya N95 huzuia ikibana uso vizuri, ila mwenye mapafu dhaifu huona pumzi nzito akiivaa, aivae kwa safari fupi tu.

Ramadhani ndani ya kiangazi

Miaka hii Ramadhani inaangukia mwishoni mwa kiangazi cha kwanza; ya 2026 ilianza katikati ya Februari na ya 2027 inatarajiwa mapema zaidi mwezi huohuo. Kwenye mitaa ya Kibuli, Kisenyi na kwingineko futari ni uji, mihogo, viazi, kaimati, tambi, na kila kitu kinawashiwa moto saa kumi na moja jioni, wakati ule hewa inapoanza kuharibika.

Keto na saumu pamoja kwa mzee mwenye kisukari sioni nafasi yake, hasa akiwa na dawa nilizotaja. Kwa wengine waliopewa ruhusa na daktari kufunga, njia ya pili inaingia vizuri kuliko inavyodhaniwa. Tende moja badala ya saba. Moja kubwa inaweza kufika gramu 18 za wanga. Maji, supu ya samaki au ya maharagwe iliyopikwa mchana kwenye presha ikangojea, halafu swala ya magharibi. Baada ya hapo kipande kimoja cha muhogo au cha matooke, kimoja kweli, na majani na mayai. Tarawehe yenyewe ni mazoezi ya baada ya kula, na anayeswalia nyumbani siku za moshi mzito hajapungukiwa. Daku ndiyo isirukwe: mayai, maharagwe yaliyobaki, parachichi, maji ya kutosha. Kwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mpango wa dozi za futari na daku upangwe kliniki Shaabani, kabla mwezi haujaandama. Kipimo kikishuka chini ya 70, yaani 3.9 kwa mashine za milimoli, mfungaji afungue papo hapo.